Jongoo: roboti ya mikanda iliyopita kwenye mchanga wa Shangani

Nyuma ya duka langu la kutoa nakala, hapa Mtwara mjini, kuna uchochoro wenye mchanga laini ambao wakati wa kiangazi humeza mguu hadi kifundoni, na hapo ndipo roboti yangu ya kwanza ilipokwama. Ilikuwa roboti ya magurudumu manne, ya aina ambayo karibu kila anayeanza kazi hii huitengeneza: kipande cha plastiki, mota nne ndogo za njano, betri nne za tochi na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo inayopokea programu na kuziamrisha mota. Sakafuni ilikwenda vizuri, hata wateja waliokuja kutoa nakala za vyeti walisimama kuitazama. Nilipoitoa nje ilisogea kama hatua mbili, magurudumu yakaanza kuchimba, na punde tumbo lake likawa limelala juu ya mchanga huku magurudumu yakizunguka bure. Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu ambaye yuko kidato cha pili, aliinyanyua, akaipangusa, kisha akasema, "Shangazi, hii inataka cheni kama katapila."

Nilikubaliana naye, lakini nilitaka kwanza kuelewa kwa hesabu kwa nini cheni ingesaidia. Nilipaka wino wa muhuri kwenye matairi manne, nikaikanyagisha roboti juu ya karatasi ya miraba, kisha tukahesabu miraba iliyopata wino. Kila gurudumu liligusa karatasi kwa takriban sentimita 3 za mraba, yaani sentimita 12 kwa yote manne. Roboti yenyewe ilikuwa na uzito wa gramu 900, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya ardhi ilibebeshwa gramu 75. Hii ninayoiandikia leo, ambayo mpwa wangu aliipa jina la Jongoo, ina uzito wa kilo 1.6, karibu maradufu ya ile ya kwanza, lakini mikanda yake miwili hugusa ardhi kwa zaidi ya sentimita 150 za mraba, na mzigo juu ya kila sentimita unashuka hadi gramu 10 na ushei. Mchanga ambao ulikuwa ukizama chini ya gramu 75 hauna shida kubeba gramu 10.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyomfanya Benjamin Holt, mtengenezaji wa mashine za kilimo wa Stockton huko California, ajaribu trekta lake la kwanza la cheni mwezi Novemba 1904: mashamba ya delta alikofanyia kazi yalikuwa laini mno, na matrekta ya mvuke yenye magurudumu mapana yaliendelea kuzama. Na sisi wa kusini hatuko mbali na habari hii. Wazee wa Nachingwea wanakumbuka mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza kutekelezwa Tanganyika mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao uliacha nyuma bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli iliyokuja kung'olewa baadaye. Katika mpango ule, vifaru vya kivita vya Sherman vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa vichaka, vikaitwa Shervick, jina lililounganisha Sherman na Vickers, kampuni iliyovigeuza. Huwa nafikiria jambo hilo kila ninapokaza mkanda wa Jongoo, kwamba cheni ya kifaru ilipewa kazi ya shamba katika nchi hii hata kabla mama yangu hajazaliwa.

Sasa niingie kwenye mkanda wenyewe, kwa sababu robo tatu ya muda wangu uliishia hapo, na ndiyo sehemu ambayo mtu akiikosea, mota nzuri na programu nzuri havitamsaidia.

Mkanda wa kwanza niliukata kwenye tyubu ya gari. Mpira hushika ardhi vizuri, na mafundi pancha huzitupa tyubu zilizozibwa hadi zikakosa nafasi ya kiraka kingine. Niliugundisha kwa gundi ya pancha, nikautoboa matundu kila baada ya sentimita 3, nikauvisha kwenye magurudumu yenye pini za kuingia kwenye matundu hayo. Mezani ulizunguka bila tatizo. Ulipopata mzigo ulivutika, matundu yakasogeana mbali, pini zikaanza kutua pembeni mwa matundu badala ya ndani yake, na kukawa na mlio wa tak, tak, tak uliomaanisha kwamba gurudumu linaruka hatua. Mkanda wangu ulikuwa na urefu wa sentimita 72 na hatua 24, kwa hiyo ukivutika sentimita 3 tu, hatua nzima imepotea. Niliongeza tabaka la pili la tyubu, ukavutika kidogo zaidi ya nusu ya mwanzo, nayo haikutosha. Nilichohitaji ni kitu kinachokunjika kama kitambaa lakini kisichovutika.

Jibu nililipata kwa muuza vyuma chakavu, ndani ya gari dogo lililokuwa limebaki bodi tupu: mkanda wa kiti. Huu hufumwa kwa nyuzi imara za sintetiki ili umzuie mtu mzima asirushwe mbele gari linapogonga, kwa hiyo nguvu ya mota mbili ndogo haiwezi kuuongezea urefu wowote unaoonekana kwa macho. Upana wake haufiki sentimita 5, unakunjika kirahisi, na mchanga hauutafuni. Alinipa miwili kwa shilingi 4,000.

Mkanda ukishapatikana, unahitaji meno upande wa ndani ya kuvutwa na gurudumu, na kishikio upande wa nje cha kukamata mchanga. Kwa meno nilijaribu plastiki ya dumu nikaiona laini mno, ikajikunja. Nilijaribu vipande vya mbao za paleti, vikapasuka kwenye matundu ya sindano. Ndipo nikamwendea mzee mmoja mchongaji vinyago, ambaye chini ya mkeka anaokalia huwa kuna mabaki ya mpingo madogo yasiyotosha hata kichwa cha kinyago. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake hutota majini, na ni mti huohuo ambao Wazungu hutengenezea klarineti. Aliponiuliza nataka kuchonga nini nikamwambia nachonga meno ya roboti, akafikiri kidogo, akachagua mwenyewe vipande vyenye nyuzi zilizonyooka na kunikatalia vingine. "Huu utapasuka, mwanangu," aliniambia, akiuweka pembeni, "mshipa wake umekatisha." Sikuwa nimelijua hilo, na katika meno 48 niliyoyatengeneza kwa vipande vyake, ni mawili tu yaliyopasuka wakati wa kutoboa.

Kila jino lina urefu wa sentimita 3 kukatisha mkanda, msingi wa sentimita 2, na limechongwa kwa mteremko pande mbili ili kileleni libaki na sentimita moja. Mteremko huo si pambo. Jino lenye kingo zilizosimama wima hugongana na pini linapoingia na hung'ang'ania linapotoka, ilhali lenye mteremko hujielekeza lenyewe katikati ya pini mbili. Kutoboa mpingo kunahitaji subira: keekee ikienda kasi inatoa moshi na ncha inapoteza ukali, kwa hiyo nilikuwa natoboa kidogo, napumzika, natoboa tena.

Kishikio cha nje kilitoka kwenye ndala kuukuu, za ule mpira mwepesi wenye unene wa kama sentimita moja na nusu. Kazi ya kuunganisha nilimpelekea fundi viatu anayekaa chini ya mwembe karibu na soko, kwa kuwa sindano yake ya msharasi inapita pale ambapo cherehani ingevunjika. Nilimwonyesha jino moja. Aliligeuza, akalipima na kidole gumba, kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: badala ya kushona jino kwenye mkanda na baadaye kushona kipande cha ndala kivyake, alipitisha uzi mmoja wa nailoni kwenye ndala, mkanda na jino kwa pamoja, akarudi nao kwenye tundu la pili, akafunga fundo ndani ya shimo dogo alilolichimba kwenye mpira ili fundo lisisagwe na mchanga. Kwa njia hiyo kila jino na ndala yake vinabanana vikiwa na mkanda katikati, na hakuna gundi popote. Alishona meno 48 kwa siku tatu, katikati ya viatu vya watu, akanitoza shilingi 6,000. Sehemu ya kuungia ncha mbili za mkanda aliipandanisha, akaifunika na jino, nikashindwa kuitambua nilipokuwa naisaka.

Gurudumu la kuendesha ni diski mbili za plaiwudi zenye kipenyo cha sentimita 9, zilizoachana kwa zaidi kidogo ya upana wa mkanda, na katikati yake zimepita pini nane. Pini hizo ni misumari ya inchi nne iliyokatwa vichwa na ncha. Zimepangwa kwa duara ili kutoka pini hadi pini kuwe na sentimita 3 kamili, sawa na nafasi ya meno, na ukipiga hesabu ya umbo la pembe nane utakuta duara hilo lina kipenyo cha sentimita 7.8. Mkanda unalala juu ya misumari, na kingo za diski zinazochomoza pembeni zinauzuia usitoke. Ndala lazima iwe nene kuzidi ukingo wa diski, ama sivyo diski itakanyaga ardhi yenyewe. Diski zote nilizitoboa zikiwa zimebanwa pamoja, moja juu ya nyingine, ili hata kama tundu moja limekosewa kidogo, liwe limekosewa sawasawa kwenye diski zote mbili na pini isikae mshazari. Ekseli ni zile fito nyororo za chuma ambazo kichwa cha wino cha printa hutembea juu yake. Mwenye duka kama langu hakosi printa zilizokufa.

Gurudumu la kuendesha liko nyuma, na hilo nililiamua kwa makusudi. Roboti inapokwenda mbele, gurudumu la nyuma huuvuta mkanda kutoka ardhini moja kwa moja, na kipande cha juu kinabaki kimelegea na kurudi mbele bila mzigo. Likiwekwa mbele, mvutano wote hupita kipande cha juu na kulizunguka gurudumu la nyuma, na nguvu inapotea njiani. Tatizo la mpango wangu huonekana wakati wa kurudi nyuma, kwa sababu hapo mambo hugeuka na mvutano huhamia juu.

Ni wakati wa kurudi nyuma ndipo mkanda wa kushoto ulipotoka mara ya kwanza. Tulikuwa uchochoroni jioni, Jongoo akirudi huku akikata kona, na mkanda ukapanda taratibu juu ya ukingo wa diski, jino moja, jino la pili, kisha wote ukadondoka mchangani. Mpwa wangu akapiga kelele, "Shangazi, amevua kiatu!" Tangu siku hiyo tunaliita hivyo. Aliuvua kiatu mara nne jioni ile, na kila mara ulikuwa wa kushoto, jambo lililoniambia kwamba kosa halikuwa la mkanda kulegea tu. Nilivuta uzi kutoka ubavuni mwa gurudumu la nyuma hadi la mbele, nikauona uzi ukigusa ukingo wa nyuma na wa katikati lakini ukiacha mwanya wa milimita 3 mbele. Gurudumu la mbele lilikuwa limetazama ndani kidogo, na mkanda hufuata kule gurudumu linakotazama. Niliweka washa moja, kile kipete bapa cha boliti, chini ya kishikio cha ekseli, uzi ukagusa kote, na mkanda ukatulia.

Ukazaji nao una kipimo chake. Ekseli ya mbele imepita kwenye tundu refu, na inasogezwa kwa boliti yenye nati ya mabawa. Ninabonyeza kipande cha juu cha mkanda katikati kwa kidole: kikizama sentimita moja hadi moja na nusu, panatosha. Kikikaza kuliko hapo mota huanza kunguruma na betri huisha mapema, kwa maana nguvu inaliwa na msuguano wa ekseli. Kikilegea zaidi, Jongoo atavua kiatu kwenye kona.

Kona zenyewe zilinipa somo la upana. Roboti ya mikanda haina usukani. Inageuka kwa mkanda mmoja kwenda kasi kuliko mwingine, au kwa kwenda kinyume cha mwenzake, na muda wote huo mikanda inaburuzwa kando juu ya ardhi. Ikiwa ni ndefu na nyembamba, msuguano huo unashinda nguvu ya kugeuza. Jongoo wa mwanzo alikuwa na sentimita 24 za mkanda ardhini na sentimita 14 tu kati ya mkanda na mkanda, na alipoambiwa ageuke alitetemeka pale aliposimama. Nilimpanua hadi sentimita 20, kisha nikainua gurudumu la mbele kwa sentimita moja na nusu na kuongeza gurudumu dogo la kubebea katikati, hivyo kipande kinachogusa ardhi kikapungua hadi sentimita 16. Sasa urefu unaokanyaga ni mfupi kuliko upana, na anageuka mahali alipo. Kuinua gurudumu la mbele kumesaidia pia kupanda vizingiti, kwa sababu mkanda unakikuta kizingiti ukiwa na mteremko.

Kuhusu mota, nilipoteza fedha kwa kuanza na zile za njano zenye giaboksi ya plastiki, ambazo ni rahisi na hupatikana kila mahali. Hesabu ingeniokoa kama ningeifanya mapema. Roboti ya kilo 1.6 ikipanda mteremko wa nyuzi 20 inahitaji nguvu ya nyutoni 5.4 kupambana na uzito wake peke yake, yaani nyutoni 2.7 kwa kila upande. Kwenye gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 3.9, hiyo ni zaidi kidogo ya kilo moja kwa sentimita, kabla ya kuhesabu msuguano wa mkanda na ukinzani wa mchanga. Mota ya njano kwa volti 6 haifiki hapo hata ikiwa imekwama kabisa. Giaboksi ya mojawapo ilianza kuruka meno siku ya tatu. Niliagiza Dar es Salaam mota mbili za giaboksi ya chuma, za kipenyo cha milimita 25, zenye mizunguko 60 kwa dakika kwa volti 12, nikaletewa kwa basi. Kwa volti 7.4 ninazompa, Jongoo huenda takriban sentimita 15 kwa sekunde. Ni mwendo wa pole, na ndio unaofaa kwenye mchanga.

Kosa la pili la fedha lilikuwa bodi ya kuendeshea mota ya L298N. Hii inapendekezwa mno kwa wanaoanza kwa kuwa ni rahisi na ngumu kuungua, lakini ndani yake mna transista za mtindo wa zamani zinazokula karibu volti 2 njiani na kuzigeuza kuwa joto. Ukimpa volti 6 kutoka betri nne za tochi, mota inapata 4. Niliibadilisha kwa TB6612, bodi ndogo kama stempu, ambayo inapoteza kiasi kidogo sana na inaweza kutoa ampea 1.2 mfululizo kwa kila mota, na hadi 3.2 kwa muda mfupi. Kwa atakayeifuata njia hii: bodi hiyo ina mguu (sehemu ya kuungia waya) ulioandikwa STBY, na usipouunganisha na volti 5 haitafanya chochote, hata waya nyingine zote zikiwa sahihi. Nilitumia jioni nzima kukagua lehemu zangu kwa mita kabla sijaugundua mguu huo.

Umeme wake unatoka kwenye betri mbili za 18650, zile za lithiamu zenye umbo la silinda, zilizounganishwa mfululizo. Dukani niliuziwa za kwanza zikiwa zimeandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba), na ziliisha kabla ya robo saa. Betri nzuri za ukubwa huo huwa kati ya mAh 2,000 na 3,500, kwa hiyo namba ya 9,900 ni uongo ulioandikwa kwenye karatasi ya nje, na inaniuma kuona vijana wakitoa fedha zao kwa ajili ya namba hiyo. Niliishia kufungua betri ya laptopu iliyoachwa dukani, nikapima seli zake moja moja, na iliyosoma chini ya volti 2 sikuichaji tena bali niliiweka kando. Hapa naomba mtu asifanye haraka. Seli hizi zikigusanishwa chanya na hasi hutoa mkondo wa kuunguza waya na kuwasha moto, kwa hiyo tumia bodi ya ulinzi, weka fyuzi, na kama unachajia bodi ndogo ya TP4056, chaji seli moja baada ya nyingine, kwa kuwa hiyo ni ya seli moja tu, si za mfululizo.

Mota zinapoanza kuvuta, volti hushuka ghafla na Arduino hujizima na kuwaka upya katikati ya safari. Niliiponya kwa kapasita ya maikrofaradi 1,000 kwenye njia ya umeme na kapasita ndogo zenye namba 104 zilizolehemiwa moja kwa moja kwenye miguu ya kila mota, pamoja na kuandika programu iongeze mwendo hatua kwa hatua badala ya kuruka kutoka sifuri hadi 255, ambayo ndiyo namba ya mwendo wa juu kabisa. Mawasiliano na simu ni kwa bodi ndogo ya Bluetooth ya HC-05, ambayo lazima ichomolewe kila unapopakia programu mpya, kwa sababu inatumia miguu ileile ambayo kebo ya kompyuta inaitumia. Mpwa wangu ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu, nami nikamfundisha kulehemu. Naona tulipunjana kidogo, kwani kazi yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Gharama ya yaliyobaki ndani ya Jongoo ni shilingi 110,000. Vitu vinne, yaani bodi ya Arduino, TB6612, mota mbili na Bluetooth, vimekula 89,000 kati ya hizo. Mikanda, ndala, misumari, gundi, fundi viatu, bodi ya ulinzi wa betri na nauli ya kifurushi kutoka Dar es Salaam vimegawana 21,000 zilizobaki. Mota za njano na L298N sikuzihesabu, ila zipo kwenye droo na zitapata kazi nyingine.

Jumapili moja asubuhi, bahari ikiwa imekupwa, tulimpeleka ufukweni Shangani. Kwenye mchanga mgumu uliolowa aliacha alama mbili safi, kila kipande cha ndala kikiwa kimejipiga chapa kwa mpangilio wa sentimita 3. Tukampeleka juu, kwenye mchanga mkavu ambao mtu hutembea akiwa anavua viatu. Alizama nusu sentimita hivi, mota zikabadilisha sauti zikawa nzito, akaendelea. Alipanda kingo ya mchanga iliyochongwa na mawimbi, akasimama kileleni pua ikiwa hewani, kisha uzito ukahama na akashuka upande wa pili. Watoto waliokuwa wakicheza mpira waliuacha wakaja kumfuata. Mmoja wao aliweka mguu wake mbele yake na kumwacha aupande, akasema hauumi.

Bahari hata hivyo ina gharama yake. Baada ya siku mbili nilikuta kijani kimeota kwenye miguu ya TB6612, na swichi inakwaruza. Siku hizi lehemu zote nimezipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, na akirudi kutoka ufukweni mikanda inavuliwa na kusuuzwa kwa maji baridi, kisha inaanikwa kivulini.

Kazi niliyokusudia kumpa hasa iko kwa mama, nyumbani. Msimu wa korosho ukifika, mama huanika korosho zake juani juu ya majamvi na kuzigeuza mara kadhaa kwa siku ili zikauke sawasawa, na mgongo wake hauna tena nguvu za kuinama. Nimemfungia Jongoo reki ndogo ya waya wa spoki nyuma, yenye upana wa sentimita 30. Tumeijaribu juu ya jamvi moja lililotandazwa korosho kwa unene wa korosho moja, na alizigeuza nyingi bila kuzipasua, kwani ndala ni laini na mzigo wake umetawanyika. Zikiwa nene kuliko hapo anapanda juu yake na kuanza kuteleza. Mama alimtazama akifika mwisho wa jamvi na kugeuka, akauliza kama anaweza pia kuwafukuza kuku.

Wiki hii mkanda wa kushoto unarudi chini ya mwembe kwa fundi viatu, kwa sababu jino la kumi na tisa limeanza kuachia uzi, naye ameniambia nimletee uzi uleule wa kushonea nyavu.